Marehemu Anayejibu Kilio

SEHEMU YA TISA

Juma zima sajenti Adrien amebaki na mkono wake juu ya kifuniko cha sanduku, pale kwenye kizuizi cha daraja la Lufira, na maji yakimdondokea kwenye buti. Tusimchoshe zaidi.

"Mama," alisema, "tangu lini mufu anakojoa?"

Swali lilikuwa la Mama Henriette. Mjane huyu, mfuaji wa nguo wa Likasi, alikuwa na kanuni moja maishani: hasemi uongo. Akikosa la kweli la kusema, husali. Basi alishika rozari akaanza Salamu Maria, taratibu, kama mtu aliyekaa kanisani na hana haraka.

Lakini haraka alikuwa nayo. Jua lilikuwa limesimama kichwani, na ndani ya lile sanduku magunia yaliyolowa yalikuwa yanakauka.

Aliyekosa gazeti la juma lililopita, au aliyefungia karanga ndani yake kabla ya kulisoma, ajue haya. Octave, mwenye bar karibu na soko la Likasi, alimpata mambamuntu, yule nusu mwanamke nusu samaki, kwenye nyavu za wavuvi, akamfungia miezi mitano ndani ya birika la saruji nyuma ya bar yake. Kila asubuhi alimwomba utajiri, maana kila mtu anajua mambamuntu hutoa utajiri. Na kila asubuhi mambamuntu alimwomba yeye habari. Mke wa karani amejifungua? Wale wawili waliogombana jana wamepatana? Octave alikasirika. Akaanza kupunguza maji, kopo kwa kopo, ili amlainishe.

Henriette, aliyekuja kufua vitambaa vya meza, ndiye mtu wa kwanza aliyemjibu: "Amejifungua. Mapacha." Wakawa marafiki siku hiyo hiyo.

Maji yalipobaki ya kufunika mkia tu, Henriette alifunga siku moja, akasali, akaamua: atamrudisha mtoni. Na kwa kuwa siku hizi za Katanga kujitenga askari wa vizuizi wanapekua hata vikapu vya mboga, lakini sanduku la maiti hawaligusi, akamwendea Michel, mtoto wa dada yake, dereva wa kamiyo, lile lori la chokaa, kule Kakontwe. Michel akagonga sanduku kwa mbao alizozipata.

Hesabu yao ilikuwa nzuri. Walisahau kitu kimoja tu: tabia ya watu wa Likasi.

Hakuna sanduku linalopita Likasi peke yake. Kamiyo haijatoka hata mtaa wa kwanza, wanawake walikuwa wanapanda nyuma wakilia. Na wa kwanza wao alikuwa Mama Clémentine, muuza samaki, mwenye sauti ya kupasua vioo. Tangu vizuizi vianze, Clémentine hana njia nyingine ya kufika Kapolowe kununua samaki ila kupanda kamiyo za mazishi. Amekwisha kuzika watu kumi na mmoja asiowajua, na wote aliwalilia vizuri, kwa sababu asiyelia anashushwa njiani.

Hivyo walifika darajani watu thelathini, mabeseni ya samaki ishirini na mawili, na marehemu mmoja aliye hai.

"Fungua," alisema sajenti Adrien.

"Chef," alisema Michel, mweupe kwa chokaa mpaka kwenye kope, "mufu hafunguliwe."

"Mbao hizi ni za masanduku ya baruti ya machimboni. Unaniona kipofu? Kichwa cha mufu hiki hapa kimechorwa, na mifupa miwili!"

"Chef, ni sanduku ya mufu. Ulitaka bachore maua?"

Askari mmoja alicheka. Adrien alimtazama mpaka kicheko kikamrudi kooni.

"Na maji?"

Hapo Mama Clémentine alishuka. Alishuka kama gunia la unga, akajipanga mbele ya sajenti, mikono kiunoni.

"Serja, weye mutoto wa nani? Mama yako anajua unauliza bantu balikufwa maneno ya maji? Ukifwa, weye utakuwa mukavu?"

Sajenti alikohoa. Alikuwa kijana wa watu, alilelewa vizuri, na mwanamke wa umri wa mama yake alikuwa anamtikisa. Alitoa daftari ili aonekane ana kazi.

"Basi niandike. Jina ya marehemu?"

Watu thelathini walitazamana. Walikuwa wamelia kilomita ishirini bila kuuliza.

Wote wakamgeukia Henriette.

Hapo, wasomaji, mama wa watu alinaswa. Maana mambamuntu hakuwa na jina. Kila siku ya kufua alikuwa anaomba: "Nipe jina, Henriette. Watu wote wa upande ule wa ukuta wako na majina, nasikia wanaitana." Na kila siku Henriette alijibu kwamba jina ni ubatizo, na ubatizo ni kazi ya padri, si ya mfuaji wa nguo.

Kusema jina la uongo? Hapana. Kunyamaza? Kifuniko kitafunguliwa.

"Henriette," alisema.

"Henriette ni weye, mama. Barua yako ya njia iko hapa."

"Nimemupa jina yangu."

Na ilikuwa kweli. Ilikuwa kweli tangu pumzi ile ile.

Ndani ya sanduku kitu kiligonga ubao mara moja: *pu*. Ulikuwa mkia. Michel alikohoa kwa nguvu mpaka chokaa ikamtoka kama moshi.

"Umesikia?" aliuliza Adrien.

Lakini Clémentine alikuwa amekwisha kupata jina, na muombolezaji akipata jina ni kama dereva kupata mafuta.

"Henriette weee!" alipaza. "Henriette mama! Unatuacha na nani?"

"Na nani ee, na nani?" waliitikia wanawake.

"Nani atatupikia bukari kama yako?"

"Na nani ee, na nani?"

"Nani atatuchekesha kisimani? Nani atabeba watoto wetu mugongoni? Henriette, tuambie, unatuacha na nani?"

Sasa mfikirie huyo aliyelala ndani. Miezi mitano hakuulizwa neno ila "utajiri uko wapi?" Leo watu thelathini wanamuuliza, kwa machozi, kwa jina lake, kama anakwenda na kama atarudi. Na Kiswahili chake chote alijifunza nyuma ya ukuta wa bar. Angejua wapi kwamba maswali ya kilio hayajibiwi?

"Siwaache!" ilitoka sauti ndani ya sanduku, tamu na yenye furaha, kama ya mteja wa bar. "Muongeze ingine!"

Kamiyo ya watu thelathini ilibaki tupu kabla hujasema Amina. Mabeseni yalibingirika barabarani. Askari aliyecheka alipanda mlingoti wa bendera, akaikumbatia kwa mikono miwili ile misalaba ya shaba iliyochorwa kwenye bendera. Sajenti Adrien alijikuta nyuma ya mifuko ya mchanga, na hakukumbuka kutembea.

Waliobaki pale ni watatu. Henriette, kwa sababu ya rafiki yake. Michel, kwa sababu miguu yake ilikataa. Na Clémentine, kwa sababu ya samaki.

Clémentine alilitazama sanduku kwa muda.

"Nimezika watu kumi na mumoja," alisema polepole. "Nimelia mpaka kifua kinauma. Hakuna hata mumoja alinijibu. Huyu iko na heshima." Kisha akamsogelea Henriette na kunong'ona: "Dada yangu. Iko nini mule?"

Henriette hasemi uongo. "Mambamuntu."

"Anakula bantu?"

"Anakula habari."

"Anataka nini?"

"Mto. Asipofika sasa hivi, tutazika kweli."

Clémentine aliutazama mto. Akayatazama mabeseni yake. "Na akirudi mule, samaki watakuwa wengi ao watapunguka?"

"Sijue."

"Basi Mungu anajua," alisema Clémentine, akafunga kitenge chake upya. "Niachie serja."

Serja alikuwa anarudi, bunduki mbele, kofia nyuma.

"Mufungue! Muntu huyu anaishi!"

"Weye serja, ulikulia wapi?" alimkemea Clémentine. "Kwenu mufu akisema, ni kusema nini? Ni kwamba anaishi? Mufu akisema kwenye njia anaita mwenye kumuua! Iko karibu. Iko anakuja. Mutamuona!"

Wanawake, waliokuwa wanarudi mmoja mmoja kuokota mabeseni, waliitikia kwa vichwa. Hilo kila mtu alilijua. Hata yule wa kwenye mlingoti alilijua. Sajenti mwenyewe alikumbuka baba mdogo fulani wa kijijini kwao, na sanduku lililokataa kupita mbele ya mlango wake.

Clémentine alikuwa anatafuta muda tu, jamani. Hakutegemea mtu aje.

*Kri-kri! Kri-kri!*

Kengele ya baiskeli. Katika vumbi la barabara ya Likasi alitokea Octave mwenyewe, kofia mpya, viatu vya njano, jasho mpaka kwenye soksi. Alikuwa amekuta birika tupu asubuhi, akauliza, akaambiwa: kamiyo, sanduku, mfuaji wako. Kamiyo ilisimama kila mtaa kupakia waombolezaji, baiskeli haikusimama.

"Muwashike!" alipiga kelele. "Sanduku ile ni yangu! Mwanamuke wa mule ni wangu!"

Wanawake waliacha mabeseni, wakamgeukia.

"Wako?" aliuliza Clémentine, na sauti yake sasa ilikuwa laini, laini ya kisu kikipita kwenye jiwe.

"Wangu! Miezi tano alikuwa ndani ya lupango yangu, nyuma ya bar!"

"Miezi tano. Ulimulisha?"

"Nilimulisha, njo!"

"Nini?"

"Mabaki ya bar."

Wanawake waliguna pamoja. Msisahau kwamba tangu asubuhi walikuwa ndugu wa marehemu. Walimlilia, walimsifia ugali wake, ile bukari, walimbeba kwa nyimbo. Mtu hawezi kulia kilomita ishirini halafu asiwe ndugu.

"Mabaki. Na akafwa."

"Hakufwa! Alikimbia!"

"Alikukimbia weye. Sababu gani? Juu ya nini?"

Octave alianza kuona kwamba mazungumzo yana shimo, lakini alikuwa mtu wa kusonga mbele. "Juu ya... nilimupunguzia maji. Kidogo! Juu ya anilipe kile anapaswa kunipa!"

"Alimunyima maji!" alilia mwanamke mmoja.

"Mutoto wetu alikufwa kiu!" alilia mwingine.

"Hamusikie? Si mutoto wenu, ni..."

Akasita. Aseme "mambamuntu" mbele ya bunduki kumi na watu thelathini, wamnyang'anye wote? Hakusema. Tamaa ilimfunga mdomo, na hiyo ndiyo nafasi aliyoiona Henriette.

Miaka minane nyuma, siku ileile machimbo yalipompokonya mume, mama Henriette aliketishwa chini na ndugu wa marehemu. Walimvua viatu. Walimnyoa. Siku tatu hakuruhusiwa kusema neno wala kuinua macho, maana kwetu aliyebaki hai ndiye mwenye kesi. Alikwisha kuwasamehe wote, mmoja mmoja kwa jina, mbele ya altare. Amesamehe kabisa. Lakini utaratibu wenyewe aliukumbuka vizuri.

Alisema jambo moja tu, kwa utulivu, kama anayerekebisha mtoto mezani:

"Mufiwa hakae juu ya kinga."

Wanawake walitazama. Kweli! Mume wa marehemu, amevaa kofia na viatu vya njano, ameketi juu ya kinga, hiyo baiskeli yake, mbele ya sanduku la mkewe!

Hawakumpiga, nisiwadanganye. Walimshusha tu, mikono kumi na minane kwa wakati mmoja. Kofia ilikwenda huku, viatu vikaenda kule. Octave alijikuta ameketi mavumbini, miguu imenyooshwa, kitenge cha mtu kichwani.

"Minye si mume..."

"Mufiwa haseme!"

"Serja, sikiliza, huyu ni..."

"Haseme!"

"Lakini mule ndani..."

"Anasema tena! Leta wembe!"

Wembe haukuwapo. Clémentine alitoa kisu chake cha kuparua magamba, akakipangusa kwenye kitenge kwa heshima ya marehemu, akaanza upande wa kushoto.

Sajenti Adrien alikuwa amepata faraja kubwa. Sasa mambo yalikuwa na mpango. Mufu aliita, muuaji akaja. Alifungua daftari, akaandika polepole: *Marehemu Henriette, mmoja. Mufiwa, mmoja, kwa baiskeli.* Akafikiria atakavyoimalizia habari hii usiku, atakapomwandikia mama yake, akapiga saluti mbele ya sanduku.

"Mupite. Na munisamehe, mama. Yale ya kukojoa."

Kizuizi kikainuka, Octave akiwa ameketishwa nyuma ya kamiyo kati ya wanawake, kitenge kichwani.

Ng'ambo ya daraja, penye majani marefu, Clémentine alisimamisha watu wote. "Kuosha mufu ni kazi ya wanawake wawili. Wengine, mugongo!" Watu thelathini walitoa migongo yao, wakaanza kuimba polepole. Michel na wanaume watatu kati ya waombolezaji waliliteremsha sanduku mpaka ukingoni, wakapanda tena bila kutazama nyuma.

Henriette alifungua kifuniko.

Magunia yalikuwa makavu kabisa. Midomo ya mambamuntu ilikuwa imepasuka, magamba yamepauka kama chokaa ya Michel. Alifumbua jicho moja.

"Henriette," alisema, "minye pia niko Henriette."

"Njo, ni jina yako. Nyamaza, toka."

"Muntu akiulizwa, si lazima ajibu?"

"Ndani ya sanduku, hapana."

Clémentine alimtazama mambamuntu kuanzia nywele mpaka mkia, akageuka kutazama mahali pengine kwa adabu. "Mwili muzuri," alisema. "Bukari ingemufaa."

Walimsukuma pamoja. Maji yalimpokea bila kelele. Mgongo ulionekana mara moja, mkia ukapiga, ukazama. Yakabaki mapovu matatu. Mawili. Hakuna.

Henriette alisimama pale. Miezi yote hii aliomba siku hii, na siku imekuja, na alihisi kama nyumba iliyohamwa.

"Hakuaga," alisema.

"Hata bwana yangu wa kwanza hakuaga," alisema Clémentine. "Njoo tutafute mawe. Sanduku jepesi litatuumbua, na makaburi ya kijiji yako pale tu. Tutazika mawe, halafu Likasi, matanga kwako siku tatu. Usiniangalie hivyo! Tukikosa matanga, yule Octave atasimama na kusema yote. Siku tatu, mikeka chini, bukari, samaki wangu, na kila mutu atasimulia Henriette alikuwa nani. Wataongopa vizuri, utaona. Utacheka mpaka ulie."

Alisema hayo kwa sauti yake ya kawaida, ambayo husikika hata chini ya maji.

Walipanda ukingo kutafuta mawe. Juu, migongo thelathini ilikuwa inaimba: *unatuacha na nani, na nani ee, na nani?*

Walirudi na mawe mawili kila mmoja. Kifuniko kilikuwa kimefungwa.

"Ulifunga weye?"

"Minye? Weye njo ulifunga."

Michel na wale wanaume watatu walishuka, wakainama, wakainua. Michel aliguna.

"Mama mudogo, mawe yametosha! Mumeweka mulima muzima?"

Henriette alitazama mawe mikononi mwake na mwa Clémentine. Yote manne yalikuwa bado nje.

Aliinama, akaweka sikio kwenye ubao, karibu na kile kichwa cha mufu kilichochorwa. Maji mapya, ya baridi, yalikuwa yanadondoka chini.

"Toka," alinong'ona. "Uko huru! Mto ni huo!"

"Mto nimeuona," ilijibu sauti. "Ni muzuri. Hakuna muntu ndani yake."

"Mutoto, utakufwa!"

"Clémentine alisema siku tatu. Siku tatu tu, Henriette. Mutaniweka kwenye beseni. Nataka kusikia minye nilikuwa nani. Halafu mutanirudisha."

Kabla mama wa watu hajainua kichwa, kivuli kilianguka juu ya sanduku. Sajenti Adrien alikuwa amesimama pale, koti limevuliwa, udongo mwekundu mpaka magotini, na nyuma yake askari sita wenye majembe, nao wamevua kofia.

"Mama," alisema kwa unyenyekevu, "roho yangu ilikuwa inanisumbua. Hatutaki muhangaike mpaka makaburini. Tumeongeza kina cha handaki letu sisi wenyewe, hapa nyuma ya kizuizi. Metre mbili na nusu. Na kifuniko hiki ni kibaya, kinafunguka ovyo." Alipiga magoti, akatoa misumari mdomoni. "Acha nikigonge mwenyewe."

Na akainua nyundo, akapiga msumari wa kwanza: *pu*.

Ndani ya sanduku, *pu*, mkia ulijibu kwa furaha. Henriette mdogo alidhani wimbo unaanza tena.